Tupa Uchawi: Ufipa na Jina la Mji Wake

Sisi tuliozaliwa Ufipa tunaujua utani unaotungoja tukitaja kwetu. Iwe Dar es Salaam, Dodoma au Arusha, ukisema unatoka Sumbawanga mwenzako atasogea kidogo, atacheka, kisha atauliza kama ni kweli kwamba huko mtu anaweza kutumiwa radi mchana wa jua kali. Wengine huapa kwamba hawatakopa fedha kwa Mfipa hata wakilala njaa. Tumezoea. Wapo kati yetu wanaoupalilia utani huo, maana anayekuogopa hakuibii. Lakini ni wachache katika hao wanaotutania wanaojua maana ya jina lenyewe. Wazee wanatueleza kwamba kwa Kifipa kusumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Sumbawanga: tupa uchawi. Jina hilo halina sifa wala lawama ndani yake. Ni amri, na haamriwi kutupa asiye na kitu mkononi.

Katika makala hii tunataka kuangalia namna amri hiyo ilivyotekelezwa katika historia ya nchi yetu. Imetekelezwa kwa njia mbili zisizofanana, na moja kati ya hizo imeumiza watu wengi na bado inaumiza. Hatuandiki ili kubishana kama uchawi upo au haupo. Mabishano hayo hufanyika kila siku kwenye vijiwe vya kahawa bila mshindi. Tunaandika juu ya woga, ambao hakuna anayebisha kwamba upo.

Tuanze na nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi, na mgeni anayefika mwezi wa Juni na shati moja huondoka amenunua koti la mtumba. Ni nchi ya majani kuliko miti. Kwa hiyo babu zetu hawakuweza kutegemea kilimo cha kukata na kuchoma msitu kama walivyofanya majirani wa kusini. Walijifunza kulima kwa majani yenyewe. Mvua zilipokaribia kwisha waligeuza udongo pamoja na majani yake wakajenga matuta ya mviringo yaitwayo intumba, wakapanda maharage juu yake, na majani yakaoza ndani polepole. Msimu uliofuata waliyatawanya matuta na kupanda ulezi kwenye udongo ulioshiba. Siku hizi mambo kama hayo yanaitwa mboji na yanafundishwa kwenye semina, tena kwa posho.

Kitu kingine walichokijua ni chuma. Katika sehemu mbalimbali za Ufipa bado yapo mabaki ya malungu, yaani matanuri marefu ya udongo, mengine yakimzidi kimo mtu mrefu. Hayakuhitaji mivukuto. Matundu yaliyoachwa chini yalivuta hewa yenyewe, na moto ukaendelea kuwaka ndani juu ya tabaka za mkaa na mawe ya chuma mpaka mawe yakasalimu amri. Kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akapata jembe, shoka au mkuki. Tanuri jipya lilipambwa na kushangiliwa kama bibi harusi, na wafua chuma walikaa porini mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kilipogoma kutoka, maswali yalikuwa mawili. Moja liliuliza: ni nini kimeharibika, udongo, mkaa au mawe? La pili liliuliza: ni nani kati yetu amevunja mwiko? Tunaomba msomaji ayashike maswali haya, la nini na la nani, kwa sababu malungu yalizimika karne iliyopita, majembe ya dukani yalipofika, lakini maswali hayakuzimika.

Ukoo unaohesabiwa kuwa wa kwanza katika nchi, ule wa Milansi, ulikuwa wa wafua chuma. Simulizi yake inafahamika. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma wakafika wanawake watatu wageni, wakaingia nyumbani kwake, na mmoja wao akakalia kiti cha utawala. Mwenyeji aliporudi hakuchomoa mkuki. Yalifanyika maafikiano: wageni wakapewa utawala wa nchi, naye akabaki na Milansi, mlima wake wa Itweelele, na heshima ya kuwa kuhani wa ardhi. Kutoka kwa wageni hao ukatokea ukoo wa watawala wa Twa, ambao baadaye uligawanyika, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini. Mataifa mengine yanaanza historia yao kwa vita walivyoshinda. Yetu inaanza na mtu aliyerudi kutoka mawindoni akakuta kiti chake kimekaliwa, na akakaa chini wakazungumza.

Vita vilikuja baadaye, na vililetwa. Katika miaka ya 1840 Wangoni waliokuwa wakiongozwa na Zwangendaba, baada ya safari ndefu iliyoanzia kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika Ufipa, na ni hapa Ufipa Zwangendaba alipofia. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika. Wengine wakaelekea kaskazini, wengine wakarudi kusini, wengine wakafuata njia iliyowafikisha Songea. Wakati huohuo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikizidi kando ya ziwa Tanganyika. Hata hivyo wasafiri wa Kizungu waliopita hapa hawakuandika habari za watu wakali. David Livingstone, mwaka 1872, aliwakuta watu wakifuma vitambaa kwa pamba waliyoilima wenyewe. Joseph Thomson, mwaka 1880, aliona watu wa kilimo wasio na hamu ya vita. Hakuna kati yao aliyetukimbia kwa kuogopa radi. Sifa hiyo tumeipata baadaye.

Sasa inabidi tushuke kutoka uwandani hadi Karema, nje kidogo ya Ufipa, upande wa kaskazini kando ya ziwa Tanganyika, kwa sababu historia ya kanisa katika nchi yetu ilipandia huko. Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1879, na mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, wale wamisionari waliotumwa na Kardinali Lavigerie kutoka Algiers. Walikusanya pale watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa. Kutoka Karema na vituo vingine vya ufukweni injili ilipanda milima, ikafika Kate, Chala, Mwazye na kwingineko. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza kazi hiyo tangu 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, na ni wakati wake walipoanza watawa wa kwanza wenyeji, ambao leo tunawafahamu kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika.

Lakini mtu ambaye tungependa kila kijana wa kipaimara ajue habari zake hakuwa padre wala askofu. Aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana na hapa, karibu na Timbuktu katika nchi inayoitwa leo Mali, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto aliibwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, na upande wa pili Mapadre Weupe wakamnunua ili kumpa uhuru. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha Waafrika udaktari ili wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, na Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma utabibu. Alifika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena. Alioa huko, akapata mtoto aliyekuja kuwa padre, akatibu watu wa kando ya ziwa na wa uwandani hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa watu wa wakati ule. Mtu anaugua homa, mtoto anaharisha, mama anashindwa kujifungua. Kwa kawaida jamaa wangekwenda kwa mganga, na mganga hodari alikuwa na dawa za kweli pia, tusimvunjie heshima. Ila pamoja na dawa, mganga aliweza kutoa jina. Akatoa jina la jirani, la mke mwenza, la baba mdogo mwenye ng'ombe wengi. Atiman, ambaye naye alikuwa Mwafrika mwenye ngozi kama yao, na aliyejua kwa mwili wake mwenyewe ubaya ambao mtu anaweza kumtendea mtu, alishika mkono wa mgonjwa akatafuta kilichomsumbua. Swali lake lilikuwa lile la kwanza la wafua chuma. Kama kuna mtu mmoja katika nchi hizi aliyekuwa na sababu ya kuuliza nani, nani aliniiba, nani aliniuza, ni yeye.

Kanisa lilikua haraka. Jimbo la Karema likatangazwa mwaka 1953, na mwaka 1958 likapata askofu mwenyeji, Charles Msakila. Mwaka 1969 jina la jimbo likabadilishwa kufuata mji wa uwandani, likawa Jimbo la Sumbawanga. Hatujui kama waliolibadilisha walifikiri sana juu ya maana, lakini tangu siku hiyo amri ile ya tupa uchawi inasomwa kwenye kila cheti cha ubatizo.

Njia ya pili ya kuitekeleza amri ilikuja katika miaka ya 1930. Ilikuwa miaka migumu. Bei za mazao zilianguka dunia nzima, kodi ya kichwa haikuanguka, na vijana wa Kifipa walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa au mashamba ya mkonge. Kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, likaanza vuguvugu lililoitwa Mchape, neno lenye maana ya kufua au kuosha. Likapita Rhodesia ya Kaskazini likatufikia. Wahusika wake walikuwa vijana, wamevaa vizuri. Waliwapanga watu mstari, wakaangalia kwenye kioo, wakasema huyu ana uchawi na huyu hana. Waliotajwa walisalimisha pembe na hirizi zao, watu wakapewa dawa, na wakaambiwa kwamba atakayerudia uchawi baada ya hapo atakufa. Vijiji viliahidiwa amani.

Amani haikudumu. Tungekuwa tumemaliza kazi miaka ya 1930, vuguvugu lisingerudi. Lilirudi miaka ya 1963 na 1964, nchi ikiwa imepata uhuru juzijuzi, safari hii kwa jina la Kamchape. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti Ufipa wakati huo, aliliona kwa macho yake na kuliandika. Kama mara ya kwanza, vijana ndio walioita na kutaja, na waliotajwa wengi walikuwa wazee. Watu walichanjwa chale, wakatiwa dawa, wakalipa ada. Na Ufipa ya 1963 haikuwa Ufipa ya kabla ya Karema: wengi wa waliosimama kwenye mstari ule walikuwa wamebatizwa, wana rozari shingoni.

Tunaielewa shauku yao. Vijana walitaka dunia mpya, nao wazee walishika ardhi, mahari na neno la mwisho barazani. Kuna ukweli pia katika madai kwamba baadhi ya wazee walitumia woga wa uchawi kuwatisha vijana wasiinue vichwa. Lakini angalia kilichotupwa. Waliosema wanatupa uchawi walimtupa mtu. Pembe ilichomwa jioni moja. Mzee aliyetajwa aliendelea kuishi miaka mingine kumi akiwa ametengwa, hakuna anayepokea kibuyu cha maji mkononi mwake.

Sheria ya nchi, tangu ile ya mwaka 1928 ambayo imeendelea kutumika kwa marekebisho, inakataza mambo yote mawili, kujifanya mchawi na kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Watu wengi wanakumbuka la kwanza tu. Ndiyo maana vikundi vya lambalamba bado vinaitwa vijijini katika mikoa yetu ya magharibi, vinachangiwa fedha kaya kwa kaya, na asiyechanga anakuwa mtuhumiwa wa kwanza. Mkoa wetu umetajwa pia katika mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, jambo ambalo hakuna utani unaoweza kulibeba.

Na sasa tuseme kuhusu macho. Mwanamke aliyepika ugali kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi za kipindi cha mvua, macho yake yanakuwa mekundu. Ni moshi. Kila mwanamke wa Ufipa anajua ni moshi, kwa sababu yake yanamwasha kila jioni. Lakini mwanamke huyohuyo akizeeka, akifiwa na mume, akibaki peke yake kwenye shamba zuri lililo karibu na barabara, ghafla moshi unasahauliwa na macho yanakuwa ushahidi. Jiulize shamba lile linakwenda kwa nani akiondoka.

Radi nayo ina habari yake. Nchi iliyoinuka, yenye miti michache, watu wakiwa shambani au wamejibanza chini ya mti uliobaki peke yake, mawingu yakigonga milima kuanzia Novemba hadi Aprili: radi itapiga. Itapiga darasa la bati lisilo na kinga ya radi. Matanga hayajaisha na tayari mtu ana jina mdomoni.

Kuna swali lingine la nini ambalo halipati hata nafasi ya kuulizwa. Rukwa imekuwa kwa miaka mingi katika mikoa inayolisha taifa kwa mahindi. Malori yanapanda Tunduma yamejaa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika mkoa huu asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Katika utafiti wa 2022 kilipungua kidogo, bado karibu nusu. Ghala limejaa na mtoto hakui! Mtoto wa namna hiyo akiugua mara kwa mara, akichelewa kutembea, bibi wa upande wa baba anaanza kuutazama upande wa mama. Kumbe jibu lipo kwenye sahani: ugali asubuhi, ugali jioni, maharage yameuzwa, mama anashinda shambani tangu alfajiri na mtoto analishwa na dada yake wa miaka saba. Ule ulezi uliopandwa kwenye intumba na kupikwa uji siku hizi huenda kwenye pombe kuliko kwenye bakuli la mtoto.

Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wanakutana na mtu aliyezaliwa kipofu, na kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni mkosaji: ni yeye mwenyewe au wazazi wake? Hatudhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanakijiji kama sisi. Yesu hawapi jina la mtu. Anatema mate, anafanya tope, anampaka yule mtu machoni na kumtuma akanawe. Wahubiri wengi tuliowasikia hukimbilia muujiza wenyewe. Sisi tunaona jambo kubwa limetokea kabla ya tope, pale swali la nani lilipokataliwa mbele ya mtu ambaye maisha yake yote lilikuwa likiulizwa juu ya kichwa chake, akisikia.

Katika jumuiya ndogondogo moja ya parokia yetu yupo bibi aliyekwisha kuwazika watoto wake wote. Mjukuu wa jirani alipofariki msimu wa mvua uliopita, maneno yakaanza kisimani, na baada ya wiki mawe yakaanza kuangukia bati lake usiku. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo asiyependa hotuba, hakuitisha mkutano. Alibeba mkeka wake akaenda kulala kwa bibi. Usiku wa pili akaja mwenzake, wa tatu wakawa wanne, wakapeana zamu kama wanavyopeana zamu za kufagia kanisa. Mchana mmoja wao akampeleka mama aliyefiwa zahanati pamoja na watoto wake wawili waliobaki, nao wakakutwa na malaria, mdogo akiwa pia na upungufu wa damu. Walipata dawa.

Mawe yalikoma, si mara moja. Kijana mmoja aliyekuwa akiongoza maneno amejenga dirisha kwenye jiko la bibi, baada ya kuombwa mara tatu na mwenyekiti yuleyule. Jumamosi jumuiya inasali nyumbani kwake. Tunapiga magoti kidogo na makofi kama walivyotufundisha wazazi, tunasema shikamoo bibi, naye anaitikia marahaba akitukazia macho yake mekundu ili atutambue mmoja mmoja, maana haoni vizuri.